Mashine Isiyo na Hendeli

Inspekta Dufie Amoateng aliomba nyundo na tindo, akapewa, akapiga magoti mbele ya pipa la mashine ya zege. Damu ilikuwa imekwisha kuoshwa. Msimamizi wa ujenzi, Mzee Nsowah, alikuwa ameagiza mashine imwagiwe maji Jumanne ileile, kabla polisi hawajapiga hata picha moja. Alipoulizwa sababu alijibu neno moja: nzi.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na faili lilikuwa limehamishiwa kwa Dufie kutoka kituo kidogo cha mtaani. Maelezo yaliyokuwamo yalikuwa machache. Mwendesha mashine, Sintim, alikuwa amejiingiza ndani ya pipa hadi kiunoni, akibandua zege lililogandia kwenye mapanga ya kuchanganyia, wakati wenzake wamekwenda kula. Injini ikawaka. Mashine ile haikuwa na klachi. Injini ikiwaka, pipa linazunguka. Aliyemkuta ni Mzee Nsowah, ambaye alisema alitoka kununua misumari akaikuta mashine inanguruma, akaizima. Vibarua wakakumbuka kwamba Jumamosi fundi nondo mmoja, Fuseini Alidu, ambaye wenzake humwita Fuse, alimtukana Sintim mbele ya watu na kumwambia kwamba mashine ile itamla. Fuseini alikamatwa kabla ya adhuhuri.

"Afande, unatafuta nini humo?" aliuliza Mzee Nsowah. Alikuwa amesimama kando, kofia ngumu kwapani. "Tumeshaosha."

"Mmeosha juu."

Alipiga tindo kwenye kifusi cha zege kilichobaki sakafuni mwa pipa. Vipande viliachia. Chini yake palikuwa na chuma kilichopindwa mara mbili, kimepakwa rangi ya njano kama mashine yenyewe. Alikivuta kwa leso akakishusha juu ya mfuko mtupu wa saruji.

Koplo Agbeko, mtu wa mji wa Ho, mrefu hadi milango ilikuwa ikimgonga, aliinama kutazama. "Hendeli," alisema. "Ya kuwashia injini hii hii."

"Ijaribu. Usizungushe."

Agbeko aliichomeka kwenye ekseli ya injini. Iliingia na kukaa kama kidole ndani ya pete.

Dufie alisimama, akapangusa magoti. "Mzee, hendeli hii inakaa wapi siku zote?"

"Hapo kwenye ndoano."

"Na mtu akiingia ndani kusafisha?"

Mzee Nsowah alihamisha kofia kwapa la pili. "Anaingia nayo. Ni desturi ya hapa. Ukiona ndoano iko tupu, ujue mtu yumo. Hata wale wa kubeba maji wanajua."

"Basi alikuwa nayo. Aliilalia. Sasa injini iliwashwa na nini?"

Dufie alikuwa tayari ameinama upande wa pili wa mashine, ule usioonekana kutoka kwenye mdomo wa pipa. Kwenye pini ya ekseli palikuwa na mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo rangi ya kijani, mbichi, haijashika vumbi.

"Hapa kuna kitu gani cha kijani chenye injini?"

"Pampu ya kisimani," alisema Agbeko kabla ya mzee. Alikuwa amekwisha kuzunguka eneo lote asubuhi ile. Alitoka mbio ndogo, akarudi na hendeli nyingine, ya kijani, meno yake yamelika. Walipoijaribu iliingia, lakini ilicheza.

"Mbovu hii," Agbeko alisema. "Ya namna hii ukiikosea inakurudishia pigo mkononi. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga, najua ninachosema."

Hapo ndipo Mzee Nsowah alipopata sauti. "Si nilisema? Mwangalieni huyo Fuseini mkono wake wa kulia. Umevimba kama yai. Ilimrudi mara ya kwanza, ya pili ndipo ikawaka. Mkono wenyewe ni shahidi. Mnatafuta nini tena?"

"Mkono umevimba tangu lini?"

"Nitajuaje? Mimi nimeuona umevimba."

Dufie alimshukuru. Alimwambia Agbeko afunge hendeli zote mbili, kila moja mfuko wake, na wasizichanganye.

*

Fuseini aliletwa akichechemea. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, kifua kipana, kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kimefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Mkono wa kulia aliubeba kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenziwe.

"Kaa. Kidole kimefanya nini?"

"Sintim alinimwagia toroli la zege. Na toroli lenyewe."

"Kwa makusudi?"

"Kwa haraka. Yeye kila kitu haraka. Anamwaga kabla hujasema tayari."

"Ndipo ukamwambia mashine itamla."

"Nilisema." Fuseini hakuinua macho. "Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama kama wewe. Mtu akipondwa kidole, mdomo hauombi ruhusa."

"Jumanne wenzako walikwenda kula. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala nyuma ya lundo la mchanga. Mkono ulikuwa unawaka moto."

"Nani alikuona?"

"Mchanga."

Agbeko alikohoa kuficha kicheko. Dufie hakucheka. "Umelala umbali wa kutupa jiwe, mashine inawaka, husikii?"

"Afande, jirani pale kuna mashine ya kusaga mahindi. Ikianza, hata jina lako hulisikii. Nilishtuka nilipoona watu wanakimbia."

"Mkono umevimba kwa sababu gani?"

"Waya."

"Waya gani?"

"Wa kufungia nondo. Plaizi, zungusha, kata. Plaizi, zungusha, kata. Tangu tuanze ghorofa ya pili nafunga peke yangu, mwenzangu alianguka jukwaani, yuko kwao na mgongo wake."

"Mzee Nsowah anasema hendeli ilikurudi."

Fuseini aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hendeli ipi? Sintim huwa anaingia nayo."

"Ya pampu."

Alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri. Midomo ilikuwa ikitembea. "Yaani mtu alikuta ndoano tupu, akaenda kisimani, akachukua ya pampu, akarudi?"

"Hivyo ndivyo inavyoonekana."

"Basi alitaka kumuua," alisema Fuseini polepole. "Au si mtu wa pale."

Dufie aliinuka. "Vaa ndala zako. Tunakwenda hospitali."

*

Daktari Lartey wa wodi ya mifupa hakupenda polisi, na hakupenda kuitwa akiwa anakula. Aliibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akaitazama huku bado anatafuna.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi, daktari? Tazama mkono wenyewe."

"Nimesema mfupani hakuna kitu. Wewe umeniuliza kama amepigwa na hendeli. Hendeli ikirudi nyuma inapiga hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake mwenyewe, upande wa kidole gumba. "Mfupa huu unapasuka kama kuni. Nimewaona wengi, wa jenereta, wa pampu, wa mashine za kusaga. Aliyepasuka hapa hashiki kikombe, haandiki, hafungi kifungo cha shati. Atavimba, lakini na picha itasema."

"Na huyu?"

"Lete kidole chako." Aliuchukua mkono wa Dufie bila kuomba, akaweka vidole vyake juu ya uvimbe wa Fuseini. "Wewe, sogeza gumba. Juu, chini. Umesikia?"

Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachokwaruza, kama mtu anayetembea juu ya changarawe.

"Hizo ni kano," alisema daktari. "Zimesuguana mpaka zimekauka. Nikienda leo kwenye nyumba yoyote inayojengwa Kumasi hii, nikishika mikono ya wafunga nondo, nusu yao watakwaruza hivi. Mkono huu haujapigwa na kitu. Umechoka. Apumzike."

"Yuko rumande."

"Basi kwa mara ya kwanza rumande imemsaidia mtu," alisema daktari, akarudi kwenye wali wake.

Walimrudisha Fuseini selo, kwa kuwa mkono usiovunjika haumtoi mtu kisheria. Kilichomtia ndani yalikuwa maneno yake. Ndani ya gari, walipokaribia tena eneo la ujenzi, Dufie alimgeukia koplo.

"Agbeko. Mzee Nsowah alisemaje kuhusu hendeli?"

"Kwamba ilimrudi Fuseini."

"Maneno yake hasa."

Koplo alikunja uso akiyatafuta. "Alisema, 'ilimrudi mara ya kwanza, ya pili ndipo ikawaka.'"

"Mara ya kwanza. Ya pili. Mtu anayebahatisha hahesabu."

Agbeko alipunguza mwendo. "Alikuwapo?"

"Au alisimuliwa na aliyekuwapo. Na tangu hapo ameona mkono uliopasuka. Ndiyo maana alipouona wa Fuseini umevimba, akaona amepata wa kufanana nao."

"Lakini vibarua tumewaona wote. Vidonda vimo, mmoja kucha imeng'oka, yule seremala msumeno umemla ncha ya kidole. Hakuna aliyeshindwa kushika beleshi."

"Kwa hiyo si kibarua. Fuseini amesema kweli kuliko alivyokusudia. Yeyote wa pale angeona ndoano tupu, angeita 'Sintim!' na kungoja. Nani huja pale ambaye hajui maana ya ndoano tupu?"

*

Hajia Lamisi aliuza waakye, wali uliopikwa na kunde, ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa, akifunga kila sahani kwenye majani. Vibarua wote walikula kwake Jumanne. Alikuwa ameshahojiwa na kituo kidogo, na alikuwa na kinyongo.

"Waliniuliza nimemwona Fuseini. Nikasema sikumwona. Wakaondoka. Waakye hawakununua."

"Mimi nanunua," alisema Dufie. "Mbili. Yangu weka na yai. Jumanne, nani mwingine alipita hapa ambaye si wa kula?"

"Wanapita watu wengi."

"Mtu wa kuingia pale."

"Pale?" Hajia alionyesha nyumba kwa kijiko. "Mwenye nyumba, Borga, ndivyo tunavyowaita waliorudi kutoka Ulaya. Bwana Brobbey. Tangu arudi kutoka Ujerumani anakuja kila siku kutazama kama nyumba imeota usiku. Aliegesha gari hapa mbele yangu, akaona vibarua wanakula, akatikisa kichwa. Hakusalimia. Akavuka."

"Kisha?"

"Kisha nikawa na wateja. Nilipoinua kichwa anarudi anakimbilia gari. Nikamwambia, 'Bwana, leo hutaki hata kuonja?' Unajua alichonifanyia?" Uso wa Hajia ulibadilika, na ilionekana kwamba jambo hili limemkaa rohoni kuliko kifo chenyewe. "Alinipungia mkono wa kushoto. Mimi! Mwanamke wa umri wangu, niliyekwenda Makka! Mkono wa kushoto, hivi, kama anafukuza kuku. Nikasema Ujerumani imemharibu."

"Hukuwaambia polisi?"

"Niwaambie polisi nimepungiwa kushoto? Wangenicheka."

"Mkono wa kulia alikuwa ameuweka wapi?"

Hajia alisimamisha kijiko. "Ndani ya shati," alisema. "Kama anakuna kifua."

Dufie alimlipa, akavuka barabara. Mzee Nsowah hakuwapo. Mwashi aliyekuwa juu ya jukwaa alisema kwa sauti kwamba mzee amekwenda msibani, nyumbani kwa kina Sintim. Mwenye nyumba alikuwa anapeleka pole, akaomba asindikizwe.

*

Uwanjani palikuwa na turubai na viti vya plastiki vimepangwa kuelekeana. Waombolezaji walivaa nyekundu na nyeusi. Hapakuwa na jeneza wala siku ya mazishi. Mzee Gyamera, mkuu wa ukoo, alikuwa ametangaza kwamba mwili hautatoka chumba cha maiti mpaka ukoo ujue ni mkono gani uliomuua mtu wao, na vijana wawili walikuwa wamezuiwa kwa nguvu wasiende kituoni kumtafuta Fuseini.

Dufie alisalimia mstari mzima, kuanzia kulia, akakaa nyuma ya wanawake. Pomaa, mjane wa Sintim, alikuwa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Agbeko alibaki langoni.

Wageni hawakukawia. Mzee Nsowah aliingia mbele, amejifunga nguo nyeusi, bega la kulia wazi kama wanaume wote waliokuwa pale. Alishika mkono wa kila mtu, mmoja mmoja. Nyuma yake alikuja Bwana Brobbey. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na ushei, mwenye miwani ya dhahabu, na yeye peke yake hakujifunga nguo. Alivaa joho pana lenye mikono mirefu. Mbele ya mtu wa kwanza aliinamisha kichwa, akaweka kiganja cha kushoto kifuani.

"Nisameheni, wazee wangu," alisema. "Ninaumwa. Siwezi kushika mkono."

Mnong'ono ulipita kwenye viti. Mzee mmoja alirudisha mkono wake polepole, akautazama kama kwamba una uchafu. Brobbey alipita mstari wote hivyo hivyo, kichwa chini. Walipoketi waliletewa maji. Alipokea bilauri kwa kushoto, akasema tena nisameheni, akanywa, na jasho lilimtoka ilhali uwanja ulikuwa na kivuli.

Msemaji wa ukoo aliwauliza wageni habari walizokuja nazo. Kabla Mzee Nsowah hajafungua kinywa, Dufie alisimama.

"Mzee Gyamera, naomba ruhusa. Nina swali kwa mgeni wako. Naweza kumtoa nje nikamuuliza."

Mzee Gyamera alimgeukia. "Ni swali la mtoto wetu?"

"Ndiyo."

"Basi uliza hapa. Nje kuna nini?"

Dufie alimgeukia Nsowah. "Mzee, asubuhi uliniambia hendeli ya pampu ilimrudi mtu mara ya kwanza, ya pili ndipo injini ikawaka. Nimetoka hospitali. Mkono wa Fuseini haujapigwa na hendeli. Aliyekwambia mara ya kwanza na ya pili ni nani?"

Macho ya Mzee Nsowah yalikwenda pembeni mara moja tu, kwa mtu aliyeketi kushoto kwake, lakini uwanja mzima uliyafuata.

"Mimi ni msimamizi tu," alisema. "Nina watu arobaini wanaokula kwa nyumba ile. Nikimtaja yeye, ujenzi umesimama."

"Nyamaza, Nsowah," Brobbey alisema. Hakusema kwa ukali. Aliuvuta mkono wa kulia wa joho kwa vidole vya kushoto, akauonyesha. Mkono ulikuwa umefungwa vijiti na majani na vitambaa, kazi ya mganga wa mifupa wa kijijini, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vyeusi kwa uvimbe.

Mwanamke mmoja aliita jina la Mungu.

"Nilikuta wote wanakula," Brobbey alisema. "Ujerumani nimefanya kazi ya ujenzi miaka mingi, najua mashine. Nikasema nitawaonyesha. Watakaporudi watamkuta mwenye nyumba anachanganya zege mwenyewe, waone haya. Hendeli sikuiona. Nikaona ile ya pampu."

"Hukuzunguka kutazama mdomo wa pipa?" aliuliza Dufie.

"Sikuzunguka."

"Sintim alikuwa anagonga kwa nyundo na tindo. Hukusikia?"

"Kelele ya mashine ya kusaga…" Alisita. "Nilisikia kugonga. Nilidhani ni maseremala."

"Maseremala ulikuwa umewaona kwa Hajia, wanakula."

Brobbey alivua miwani. Ilimchukua muda, kwa mkono mmoja. "Ndiyo. Niliwaona."

"Endelea."

"Ilinirudi. Nikasikia mfupa. Nikakasirika. Nikashika kwa kushoto, ikawaka. Kisha nikasikia mtu."

"Ukaizima?"

"Nilipeleka mkono wa kulia kwenye wenzo wa kuzimia. Ukanishinda."

"Na wa kushoto?"

Agbeko alisogea kutoka langoni hatua moja. Brobbey alitikisa kichwa, si kukataa.

"Nilikimbia kumtafuta Nsowah. Nilimkuta kwenye duka la misumari. Yeye ndiye aliyezima."

Kijana mmoja aliinuka na kiti chake mkononi. Mzee Gyamera alimwinulia kidole, akaketi. Dufie alimwambia Brobbey kwamba yuko chini ya ulinzi, na Mzee Nsowah pia, kwa kutoa maelezo ya uongo, na kwamba kila walichosema watakirudia kituoni mbele ya wakili wakitaka. Agbeko alikuja. Alitazama ule mkono uliofungwa majani, akazirudisha pingu mfukoni, akamshika Brobbey kwenye kiwiko cha kushoto.

"Subirini," alisema Pomaa.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu Dufie aingie. Hakuinuka mkekani. "Umesema ulisikia mtu. Alisema nini?"

"Mama, haina faida," Brobbey alisema.

"Nakuuliza. Ni mume wangu. Alisema nini?"

Brobbey alimtazama Dufie kana kwamba angeweza kumwokoa. Dufie alingoja kama wengine.

"Alikuwa anaita," alisema mwishowe. "'Fuse, zima! Fuse, zima!' Hivyo tu, mpaka nikatoka nje ya geti. Nilipomfikia Nsowah aliniuliza kama kuna jina lolote nililolisikia, nikamtajia hilo."

Pomaa aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu naye waliweka mikono mabegani mwake, wakidhani analia, lakini alipokiinua macho yalikuwa makavu. Aliwatazama wale vijana wawili waliotaka kwenda kituoni, kisha akamtazama Inspekta.

"Huyo Fuseini yuko wapi?"

"Selo."

"Mtoeni aje hapa," Pomaa alisema. "Ameitwa na mume wangu tangu Jumanne."